Honda CG125 na Chumvi ya Kilwa

Je, wajua kwamba pikipiki kongwe iliyoachwa chini ya mwembe huko Kilwa Kivinje, tangi lake likiwa limebabuka rangi na tairi zimekufa, yamkini imebeba injini ambayo nasaba yake ingali hai katika vijiwe vya bodaboda toka Nangurukuru hata Lindi?

Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, nayo ilikusudiwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa shehena nzito na oili haibadilishwi kwa wakati wake. Injini nyingi za Honda za zama hizo zilikuwa na kemshafti juu ya silinda, ikizungushwa na cheni nyembamba ambayo ndiyo hutangulia kulegea oili ikichakaa. Basi wahandisi waliirudisha kemshafti chini, jirani na krenki, wakaiendesha kwa gia, na valvu zikasukumwa kwa fito mbili za chuma, mtindo wa kale ambao wengi walidhani umekwisha kuzikwa. Silinda ni moja tu, yenye kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Usahili huo uliwavutia watengenezaji wa China, wakaiigiza kwa wingi. Ndiyo sababu ringi, gasketi na sahani za klachi zinazoikubali injini kongwe, zikipimwa kwanza kwa hadhari, hupatikana leo bila kuagizwa Japani.

Kwa hiyo atakaye kujua kama inafaa kuifufua, akaanza kwa kupiga kiki na kutega sikio, kwa maoni yangu ameanzia pasipo penyewe. Injini haina tashwishi. Adui ni chumvi. Upepo wa kusi huitandaza juu ya chuma, nayo hufyonza unyevu wa hewa, na unyevu wa chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matupu, hata kutu, ambayo asili yake ni mkondo mdogo wa umeme baina ya sehemu mbili za chuma kimoja, ikaenda mbio. Vua kiti, ukwangue rangi pale uma wa gurudumu la nyuma unaposhikana na fremu, kisha ugonge kwa bisibisi: chuma kizima hulia, kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti ya kufa. Fremu ikiwa imeoza, tafadhali usiipande wala usimpakie mwana wa mtu.

Ikiwa nzima, gharama ni halali, nami ningeilipa kwa moyo mkunjufu. Lakini tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003, mabasi na malori ya kusini huenda kasi isiyolingana na breki za dramu za zamani. Safari yake iwe ya Kilwa Masoko hadi Kivinje, alfajiri, kofia ngumu kichwani. Na ukirudi, uioshe kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvichumvi, ukaipake oili kila palipo na bolti.