Fahamu: Nyumba Nchelenge na bima ya tetemeko

Kwa nini Mweru?
Ziwa Mweru, ambalo mji wa Nchelenge, Zambia, uko ufukweni mwake, limo katika tawi la Bonde la Ufa. Februari 24, 2017, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga karibu na Kaputa, kaskazini-mashariki mwa ziwa. Tetemeko la ukubwa huohuo lilibomoa nyumba nyingi Bukoba, Tanzania, mwaka 2016.

Mgeni anamiliki?
Kwa masharti. Sheria ya Ardhi ya Zambia ya 1995 inamruhusu mkazi wa kudumu, mwekezaji au mwenye kibali cha Rais. Hati ni ya hadi miaka 99.

Bima
Hapa ndipo wengi huteleza. Bima ya moto si lazima iguse tetemeko. Mara nyingi ni nyongeza ya kulipia. Uliza pia hasara utakayobeba mwenyewe. Kisha tazama kuta: matofali mabichi yasiyo na mkanda wa zege hupasuka upesi, hasa kwenye kona za madirisha.