Cherehani na Kitabu Nyuma ya Ukuta

Gereza kongwe la Kigali, lililojulikana kama 1930 kutokana na mwaka lilipojengwa, halina wafungwa tena. Walihamishiwa Mageragere, nje kidogo ya katikati ya jiji. Lakini majengo mapya pekee hayamrekebishi mfungwa. Mwanamke aliyefungwa Rwanda, awe Mageragere au katika gereza la wanawake la Ngoma, siku moja atarudi mtaani, na swali ni atarudi na nini mkononi. Ndiyo maana ushonaji, kusoma na kuandika, michezo na nyimbo si anasa. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka wanawake wafungwa wapewe programu zinazolingana na mahitaji yao, yakiwemo malezi. Sheria ya Rwanda humruhusu mtoto mdogo kukaa na mama yake gerezani hadi atimize miaka 3. Huduma ya mama, basi, ni huduma ya mtoto asiye na kosa.

Wapo wanaouliza: mbona mhalifu afundishwe bure ilhali jirani yake mwadilifu hana karo? Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake ni kumsaidia jirani, si kumnyima mfungwa. Adhabu iliyotolewa na mahakama ni kupoteza uhuru. Ujinga na upweke havimo katika hukumu. Anayetoka bila ujuzi huwa mzigo kwa familia na hatari kwa jamii. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.