Inanga yawakutanisha waliorudi na waliobaki

NI Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye kilima kimoja nje kidogo ya mji wa Gitega. Seremala amefagia maranda na kupanga mabenchi mawili chini ya mparachichi. Tumekuja watu tisa. Mzee mmoja ameshika inanga, fundi baiskeli ana umuduri, mama anayeuza nyanya sokoni ana ikembe, na mimi mwalimu nina gitaa bovu nililorudi nalo kutoka Tanzania mwaka 2008.

Hapa hakuna kipaza sauti wala kiingilio, na hakuna hata mmoja wetu anayekula kwa muziki. Tunapiga nyimbo za zamani mpaka jua linapotua, kisha kila mtu anakwenda kwake.

Makala haya nawaandikia ndugu zangu abahungutse, yaani sisi tuliorudi kutoka ukimbizini. Nawaandikia pia wafanyabiashara wa mpakani, kwa sababu bila wao inanga yetu isingekuwa na nyuzi. Hilo nitalieleza baadaye.

Mgeni akitajiwa muziki wa Burundi hukumbuka ngoma. Hakosei. Gishora, kituo cha ngoma kinachohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo, kiko kilomita chache tu kutoka Gitega. Ngoma zetu zilirekodiwa na Wafaransa mwaka 1967, na mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell akazitumia katika wimbo wake. Mwaka 2014 UNESCO iliziweka katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Lakini ngoma ina wenyewe na ina taratibu zake. Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka sharti la kibali cha wizara kwa maonyesho, na ikakataza wanawake kuzipiga. Inanga ni jambo la nyumbani. Hupigwa jioni, watu wakiwa wamekaa, na anayesikiliza hulazimika kunyamaza.

Kwa wasioijua, inanga ni ubao mrefu uliochongwa katikati kama sinia, wenye urefu wa karibu mita moja. Kamba moja ndefu hupitishwa huku na huku kwenye mapengo ya ncha zake mpaka zinapatikana nyuzi nane au zaidi. Mpigaji huiweka mapajani au huiegemeza, akazichezesha nyuzi kwa vidole.

Ajabu yake iko kwenye sauti ya mwimbaji. Katika mtindo unaojulikana zaidi nchini mwetu, mpigaji haimbi, bali ananong'ona. Mnong'ono hauna juu wala chini, lakini ukikaa karibu utaapa kwamba mzee anaimba. Mtafiti Cornelia Fales aliandika juu ya jambo hilo mwaka 2002. Nyuzi hufuata mapando na mashuko ya maneno ya Kirundi, na sikio la msikilizaji huunganisha vitu viwili kuwa kimoja. Mdomo unatoa neno, mti unatoa sauti.

Hapo ndipo sisi tuliosomea ukimbizini tunapokwama. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako wazazi wangu walikimbilia baada ya mauaji ya 1972. Vijiji vyetu viliitwa barabara, na kila barabara ilikuwa na namba yake. Kaseti za kwaya ya Barabara ya 13 zilisikika mbali sana. Muziki tuliujua, na Kiswahili cha shule tulikijua. Kirundi tulikuwa nacho cha jikoni tu, na sauti zake zilikuwa zimelegea.

Chukua neno umuryango. Likitamkwa hivi ni familia, likitamkwa vile ni mlango. Kwenye karatasi huandikwa sawa. Miaka yangu ya kwanza darasani hapa Gitega watoto walikuwa wakinicheka kila nilipowauliza habari za familia zao, kwa sababu walisikia nikiulizia milango.

Aliyenirekebisha ni yule mzee wa inanga. Hakunifundisha kanuni yoyote. Aligusa uzi mmoja, kisha mwingine, akasema, "Sikia, Mwalimu. Hii ni familia. Hii ni mlango. Rudia." Nilirudia mpaka kiza kikaingia.

Lakini msomaji asidhani kwamba mimi na mzee huyu tulianza kwa urafiki. Anaishi kwenye shamba la baba yangu.

Wazazi wangu walipokimbia mwaka 1972, baba aliiacha inanga yake ikining'inia ukutani. Alifia Ulyankulu akiwa bado anaitaja. Tuliporudi mwaka 2008, mimi na mama, tulikuta familia nyingine imelima pale kwa zaidi ya miaka 30, imezaa pale na kuzika pale. Walikuwa abasangwa, waliokutwa. Hawakuwa wezi. Walipewa ardhi wakaitumia. Na sisi pia hatukuwa waongo.

Bashingantahe wa kilima walikaa, wakasikiliza pande zote mbili, wakaligawa shamba katikati. Mpaka ukapandwa miti. Kwa karibu miaka miwili tulisalimiana kwa sababu tu ni aibu kutosalimiana.

Jioni moja mama alisimama kwenye ile miti ya mpakani bila kusema neno. Upande wa pili inanga ilikuwa ikilia. Akanituma: "Nenda ukaulize kama ni ya baba yako."

Nilikwenda. Mzee akanitazama kwa muda. "Hii niliichonga mwenyewe," akasema. "Ya baba yako sikuikuta. Nilikuta kuta tupu." Kisha akasogea kwenye benchi. "Alikuwa anapenda wimbo gani?"

Jina la wimbo sikulijua. Nilichokuwa nacho ni mguno tu, ule ambao baba alikuwa akiuguna anaponoa jembe. Nikauguna. Mzee akautafuta kwenye nyuzi, akakosea, akarudi, akaupata. Maneno hakuwa nayo. Mama alikuwa nayo yote, kule upande wa pili wa miti. Wimbo huo ulihitaji nyumba mbili ili ukamilike.

Siku ile mama alivuka. Mke wa mzee alitoka jikoni, wakashikana mabega, wakaanza akazehe. Hiyo ni salamu ya kuimbwa ya wanawake wa Burundi. Wawili hupokezana sauti upesi upesi, mmoja akiingiza neno lake pale mwenzake anapovuta pumzi, na haiwezekani kuifanya peke yako. Mama hakuwa ameifanya na mtu asiye wa Ulyankulu tangu alipokuwa msichana. Sisi wanaume tuliangalia chini.

Kundi letu la Jumamosi lilianzia hapo. Likaja kuongezeka seremala, fundi baiskeli, na baadaye vijana wawili waliorudi kutoka kambi ya Nduta baada ya kukimbia mwaka 2015.

Sasa nije kwa wafanyabiashara. Zamani nyuzi za inanga zilitokana na mishipa ya ng'ombe. Siku hizi mishipa hiyo ni shida kupatikana. Tulijaribu waya wa breki za baiskeli, lakini unakata vidole na sauti yake ni kali. Jibu tulilipata Muyinga.

Kila baada ya miezi michache tunapanda gari kwa barabara ya Karuzi mpaka Muyinga, ambako kuna kundi jingine linalokutana nyuma ya duka karibu na kituo cha magari. Wengi wao ni wa njia ya Kobero na Kabanga. Wanauza mchele, sabuni na vyombo vya plastiki. Mama mmoja kati yao huleta mshipi wa nailoni kutoka Mwanza, ule wa kuvulia samaki ziwani. Mshipi huo ndio unaoimba Gitega leo. Tunamlipa kama mteja mwingine yeyote, naye hutuongezea kipande kimoja cha bure.

Muyinga wanachanganya zaidi kuliko sisi. Kirundi na Kiswahili huingia katika wimbo mmoja bila kuombana radhi. Kijana aliyekulia Nyarugusu anapiga indingidi, zeze la uzi mmoja lililotufikia kutoka Uganda, ambako Waganda huliita endingidi. Ikembe nayo ina ndugu zake Kongo. Kwa hiyo hata vyombo tunavyoviita vya asili vilivuka mipaka kama wenye mizigo, vikapewa makao, vikajifunza Kirundi.

Nisije nikadanganya kwamba muziki umemaliza kila kitu. Mtoto wa kwanza wa mzee hajawahi kuja hata Jumamosi moja. Shamba lilipogawanywa, sehemu iliyokatwa ndiyo aliyotarajia kurithi. Akinikuta njiani huniitikia, kisha hupita. Namwelewa. Inanga haiongezi hata hatua moja ya shamba, na wanawe wanne wanahitaji kula.

Hata hivyo, mwaka jana mtoto wake wa pili, mwanafunzi wangu, alianza kuja na babu yake. Hukaa mwisho wa benchi. Sijamwuliza kama baba yake anajua.

Kwa anayetaka kuanza kundi kama hili, si kazi kubwa. Tafuteni mzee mmoja mwenye chombo na mama mmoja mwenye maneno. Rekodini kwa simu, kwa sababu wazee hawatungoji. Wapelekeni watoto kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, waone vyombo vya wazee wetu, kisha warudini nyumbani wavisikie vikilia.

Na kama majirani zenu ni wale mliogawana nao shamba, anzeni kwao. Huenda nusu ya wimbo wenu iko huko.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Gitega.