Si Kila Homa ni ya Meno

Sisi watu wa mwambao tumezoea kulitwika jino la mtoto mizigo isiyokuwa yake. Mtoto akipata joto, tunasema anaota meno. Akihara, tunasema ni meno hayo hayo. Hata lugha yetu inashuhudia hofu hiyo: mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, akadhaniwa kuwa mkosi kwa jamaa zake. Hofu ya kigego imefifia, lakini imani kwamba meno huleta homa kali ingali hai, toka Mtwapa hadi Mambrui.

Basi mzazi huhangaika kutafuta dawa. Huyu hushauriwa hirizi, yule mizizi, na mwenye jamaa ng'ambo huletewa tembe za homiopathia. Tiba hiyo iliasisiwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Dawa huzimuliwa sehemu moja kwa 99 za maji au spiriti, na kitendo hicho huweza kurudiwa hata mara 30. Mwanafunzi wa kemia atatambua kuwa mwishowe hakuna dawa iliyosalia.

Wako wasemao kwamba kisicho na kitu hakidhuru. Sikubaliani nao. Mwaka 2017 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilitangaza kwamba baadhi ya tembe hizo za meno zilikutwa na beladona, mmea wenye sumu, kupita kiasi kilichoandikwa. Wala dawa za kawaida hazikosi hadhari: huko Nigeria, mwaka 2008, dawa ya maji ya meno iliyoingiwa na kemikali ya sumu iliua watoto zaidi ya 80.

Hata hivyo, ninachokihofia zaidi ni kuchelewa. Jino la kwanza aghalabu hutokeza mtoto afikapo miezi sita hivi. Wakati huo ndipo kinga aliyoipata kwa mamaye tumboni inapopungua, naye anaanza kulishwa uji, kutambaa, na kutia kinywani kila akiokotacho. Maradhi huja pamoja na meno, nasi tukamshika asiye na hatia. Jino huleta mate, ufizi kuuma, kilio, na pengine joto kidogo. Haliwashi homa ya nyuzi 39, wala halimharishi mtoto maji matupu.

Katika kaunti hii ya Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wamechunguza malaria ya watoto tangu mwaka 1989, homa ya namna hiyo yataka kupimwa damu siku ile ile. Anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya paketi, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati. Akipatwa na degedege, au akishindwa kunyonya, asingojewe kupambazuke.

Ama ufizi unaouma, dawa yake i karibu: kidole kilichooshwa vyema kiusugue taratibu, au mtoto atafune kitambaa safi chenye ubaridi.

Nawaomba walimu walifundishe jambo hili darasani, kwani wengi wa wanafunzi wetu ndio wanaobeba wadogo zao mama aendapo shambani au sokoni. Mwanafunzi ajuaye kutofautisha jino na malaria aweza kuokoa roho nyumbani mwao kabla hajafanya mtihani wowote.