Taa za kufukuza simba zizini huanzia kwenye tarakilishi

WAFUGAJI wa Ijara, Kaunti ya Garissa, wanaijua vyema hasara ya usiku mmoja zizini. Katika hifadhi ya kijamii ya Ishaqbini, iliyoanzishwa mwaka 2007, tishio la wanyama wala nyama lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2012 hirola 48 walitiwa ndani ya ua maalumu ili wanusurike. Mbuzi wa mfugaji hana ua kama huo.

Hata hivyo, ipo njia isiyo ghali. Richard Turere wa Kitengela alibuni taa za kufukuza simba akiwa na umri wa miaka 11. Aliunganisha betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za kurunzi. Balbu hizo ziliwaka kwa zamu, simba akadhani kuna mtu anayezunguka zizi. Mwaka 2013 Turere alisimulia ubunifu wake katika kongamano la TED nchini Marekani.

Siku hizi kazi ya kisanduku hicho yaweza kufanywa na maikrokontrola, yaani tarakilishi ndogo mno inayotii maagizo iliyoandikiwa. Inayofahamika sana ni bodi ya Arduino, iliyobuniwa mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Manufaa yake ni kuwa mpangilio wa taa waweza kubadilishwa kila usiku, kwani mnyama akizoea mwako mmoja huacha kuuogopa.

Je, vijana wa Masalani wakitaka kuitengeneza pamoja, waanzie wapi? Waanze kwa kuandaa tarakilishi zao kabla ya kugusa waya.

Kwanza, wapate programu ya Arduino IDE, ambayo hutolewa bila malipo. Mmoja wao aipakue penye mtandao mzuri, kisha awagawie wenzake kwa diski ya flashi, ili wote wawe na toleo moja. Matoleo yakitofautiana, maagizo yaliyokubaliwa na tarakilishi moja huenda yakakataliwa na nyingine.

Pili, waichunguze kebo ya USB. Baadhi ya kebo hupitisha umeme wa kuchaji pekee, na bodi haitatambuliwa. Aidha, bodi za bei nafuu zenye chipu ya CH340 huenda zikahitaji draiva yake. Kipimo ni mfano uitwao Blink: taa iliyo kwenye bodi ikiwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja, tarakilishi hiyo i tayari.

Tatu, watumie programu ya Git, ambayo huhifadhi kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya. Hufanya kazi hata pasipo intaneti, na kosa likitokea, kundi hurejea kwenye maagizo ya awali yaliyofaulu.

Nne, wakumbuke kuwa pini moja ya Arduino Uno haifai kutoa zaidi ya miliampea 20. Balbu kubwa ziwashwe kupitia transista, la sivyo bodi itaungua.

Taa zijaribiwe nyumbani usiku kucha kabla ya kupelekwa zizini. Kosa likigunduliwa mezani hugharimu dakika chache. Likigunduliwa na simba, hugharimu mifugo. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta.