Mbwa Hajui Mpaka, Mwenye Mbwa Anaujua

Mashariki mwa jimbo la Virginia, Marekani, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa katikati ya Novemba, na ugomvi wa majirani hufunguliwa siku hiyohiyo. Mtu ana ekari zake ishirini, kazungusha mabango ya kukataza uwindaji, ana farasi wawili na mbuzi kadhaa. Alfajiri anasikia mbwa wakibweka msituni. Sauti inakaribia, kulungu anapita mbio kando ya banda, na nyuma yake mbwa sita au saba, ndimi nje. Nusu saa baadaye pikapu inasimama barabarani. Mwanamume anashuka, simu mkononi, anatazama vidoti vinavyosogea kwenye ramani, kisha anavuka mpaka. Mwenye shamba anamfokea: wewe, hujaona bango? Naye anajibu bila wasiwasi: nimeliona, ila nimekuja kuchukua mbwa wangu.

Jibu hilo lina sheria nyuma yake. Kifungu cha 18.2-136 cha sheria za Virginia kinamruhusu mwindaji, ikiwa msako ulianzia kwingine, kuingia katika ardhi iliyokatazwa ili kuwachukua mbwa wake, hata mwenye ardhi akikataa. Anayewinda mbweha au rakuni ameruhusiwa hata kuwafuata mbwa wakiwa bado wanafukuza. Sheria hiyo ni ya mwaka 1938.

Ili kuelewa kwa nini iliandikwa hivyo, yafaa kujua uwindaji huu unavyokwenda. Nyanda za mashariki za Virginia zina vinamasi na misitu ya misonobari iliyosongamana, ambamo mtu haoni hatua chache mbele yake. Kumnyemelea kulungu humo ni kazi bure. Kwa hiyo mbwa hufunguliwa upande mmoja wa msitu wamtimue, na wenye bunduki hujipanga upande wa pili kumngoja atokeze. Wasasi wa mashamba ya Unguja, waliozoea kusaka paa kwa mbwa, wangeuelewa mpango huo bila kufundishwa. Magharibi, ng'ambo ya milima ya Blue Ridge, kuwinda kulungu kwa mbwa hakuruhusiwi. Kwa hiyo ugomvi huu ni wa nusu moja tu ya jimbo.

Desturi yenyewe ina mizizi mirefu Kusini mwa Marekani. Mwaka 1818 mahakama ya South Carolina, katika kesi ya McConico dhidi ya Singleton, iliamua kwamba raia ana haki ya kuwinda katika ardhi isiyolimwa wala kuzungushiwa uzio, hata kama mwenyewe hataki. Wakati huo pori lilihesabiwa kuwa mahali pa wote kupata kitoweo. Kulungu naye hakuwa na mwenyewe, na hadi leo hana: mtu hummiliki mnyama wa porini akishamtia mkononi, kumkimbiza peke yake hakutoshi. Kanuni hiyo ilitamkwa New York mwaka 1805 katika kesi ya Pierson dhidi ya Post, iliyohusu mbweha aliyefukuzwa na mbwa wa mtu mmoja akauawa na mwingine. Ndiyo maana mwenye shamba hawezi kudai kwamba majirani wanamwibia kulungu wake. Anachoweza kukidai ni ardhi.

Na ardhi ndiyo iliyobadilika. Sheria ya 1938 ilitungwa wakati mashamba na misitu ilikuwa mapande makubwa ya watu waliojuana kwa majina. Tangu hapo mapande mengi yamekatwakatwa na kuuzwa kwa wastaafu na watu wa mijini waliokuja kutafuta utulivu. Mbwa hukimbia kilomita kadhaa katika msako mmoja. Shamba la ekari ishirini analivuka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Klabu ya uwindaji iliyokodi msitu mdogo inajua, kabla ya kuwafungua mbwa, kwamba msako hautaishia humo.

Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni kifaa kilichoko shingoni mwa mbwa. Mwaka 1938 mwindaji hakuwa na la kufanya ila kutega sikio na kukisia mbwa wamekwenda wapi. Leo mkanda wa shingoni una GPS. Mwindaji anamwona mbwa kwenye ramani, anauona mpaka wa shamba, na mara nyingi anaweza kumpigia mbwa mlio aliofundishwa kuurudia. Florida, ambako uwindaji huu bado unaruhusiwa, inataka mbwa wa kulungu wavishwe vifaa vya kuwafuatilia na kuwarekebisha kwa mbali. Ukishakuwa na uwezo huo, udhuru wa kwamba mbwa hajui kusoma bango unapungua uzito. Anayeweza kusoma ni wewe uliyeshika simu.

Lakini kwanza niseme lile ambalo mwenye ardhi hapendi kulisikia. Usimguse mbwa. Virginia inamhesabu mbwa kuwa mali ya mtu. Ukimuua au kumjeruhi, mwenyewe anaweza kukushtaki akalipwa fidia, na unaweza pia kujibu shtaka la ukatili kwa wanyama. Kuuvua ule mkanda wa GPS kwa nia ya kumzuia mwenyewe asimpate mbwa wake ni kosa la daraja la kwanza, yaani hadi miezi 12 jela na faini hadi dola 2,500, na mbwa akipotea au kufa kwa sababu hiyo, utaamriwa kulipa thamani yake. Upo mwanya mmoja: mbwa akikutwa anaua au anajeruhi mifugo, au anaifukuza malishoni kwa namna ya kuidhuru, sheria inaruhusu kumuua. Nimeshasoma watu wakiutaja mwanya huo kana kwamba kila mbwa aliyekatiza malishoni anaangukia humo. Haangukii. Mbwa anayemfuata kulungu akipita mita hamsini kutoka kwa mbuzi hajafukuza mbuzi, na mzigo wa kueleza utakuwa juu yako uliyefyatua risasi.

Wala usitegemee sheria za kufunga mbwa. Tafsiri ya mbwa anayezurura katika sheria za jimbo inamtoa mbwa aliye katika uwindaji halali, wakati wa msimu, pamoja na mwindaji mwenye leseni. Wengi hupiga simu kwa ofisi ya wanyama ya kaunti, wakajibiwa hivyo, wakakata simu wakidhani serikali imewatupa.

Nguvu ya mwenye ardhi iko kwenye masharti ambayo mwindaji aghalabu huyasahau. Anayeingia kuchukua mbwa haruhusiwi kuwa na bunduki wala upinde, na haruhusiwi kuwinda akiwa humo. Haruhusiwi kuingia na gari bila ruhusa yako. Ile pikapu inapaswa kubaki barabarani. Ukimuuliza jina lake akakataa makusudi kujitambulisha, ametenda kosa. Jumapili nayo ni siku ya kuangalia: tangu 2014 Virginia imelegeza marufuku ya kuwinda Jumapili katika ardhi binafsi, lakini kuwinda kulungu kwa mbwa siku hiyo bado ni marufuku. Kishindo cha mbwa wanaofukuza kulungu Jumapili asubuhi si jambo la kulalamikia kibarazani, ni jambo la kupigia simu polisi wa wanyamapori papo hapo.

Zaidi ya hayo kuna kifungu cha 18.2-132.1, ambacho kinamlenga anayewafungua mbwa makusudi ndani ya ardhi ya mtu iliyowekewa alama za katazo, bila ruhusa, ili wawinde. Faini ni hadi dola 500, na akirudia ndani ya miaka mitatu kosa linapanda hadi daraja la kwanza. Ili kifungu hicho kikufae, alama zako lazima ziwe sawasawa. Mabango hung'oka, kwa hiyo wengi hupaka rangi: Virginia inakubali mstari wima wa rangi ya fedha au ya zambarau kwenye mti au nguzo, wenye upana usiopungua inchi mbili na urefu usiopungua inchi nane, katikati yake pakiwa futi tatu hadi sita kutoka ardhini, uonekane na anayekaribia.

Udhaifu wa kifungu hicho hata mtoto angeuona. Mwindaji mjanja hawafungui mbwa kwako. Anawafungua hatua kumi kutoka mpaka wako, kwenye kipande alichokodi, na mengine anamwachia kulungu.

Hapa ndipo kesi moja ya Uingereza inaponivutia. Shirika la League Against Cruel Sports lilinunua vipande vya ardhi huko Exmoor viwe makimbilio ya kulungu, na mbwa wa kundi la Devon and Somerset Staghounds wakawa wanaingia mara kwa mara. Mwaka 1985 Jaji Park aliamua kwamba mkuu wa msako hawajibiki kwa sababu tu mbwa wameingia, lakini anawajibika ikiwa alikusudia waingie au alizembea kuwazuia. Kisha akaongeza jambo la maana: mtu akiendelea kuwinda karibu na ardhi iliyokatazwa, huku akijua kwamba kuwazuia mbwa haiwezekani, mahakama inaweza kuhesabu kutojali kwake kuwa ndiko kukusudia. Mahakama ya Virginia haifungwi na uamuzi huo. Hata hivyo unaonyesha ushahidi wa aina gani una uzito popote: tarehe, saa, mahali mbwa walipofunguliwa, namba ya gari, picha kutoka kwa kamera iliyofungwa mtini, na mara ngapi jambo lilelile limetokea. Tukio moja ni bahati mbaya, lakini mtiririko wa matukio hueleza nia.

Wengine wanataka sheria yenyewe ifutwe. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Cedar Point Nursery, ilisema kwamba kanuni ya California iliyowapa waandaaji wa vyama vya wafanyakazi haki ya kuingia katika mashamba ya watu ni sawa na serikali kutwaa mali bila fidia. Wenye ardhi wa Virginia waliichukua hoja hiyo na kuipeleka mahakamani dhidi ya haki ya kuchukua mbwa. Hoja ina mantiki, lakini mtu mwenye mbuzi na farasi asingoje mahakama za rufaa ndipo alinde malisho yake msimu huu.

Ningeweza kuchagua, ningefuata njia ya Georgia. Tangu 2003 jimbo hilo linataka kibali cha kuwinda kulungu kwa mbwa, na kibali kina kipimo cha ardhi: ekari 1,000 zilizoungana kwa ardhi ya kukodi, 250 kwa mwenye ardhi yake mwenyewe. Namba ya kibali huandikwa kwenye mkanda wa mbwa na kuonyeshwa kwenye gari. Texas iliupiga marufuku uwindaji huu mwaka 1990, na hiyo naiona ni kuwanyang'anya watu wa vijijini desturi yao kwa sababu ya wachache wasio na adabu. Georgia imeuliza swali sahihi zaidi, yaani kama una eneo la kutosha mbio za mbwa wako.

Virginia haina kipimo hicho, kwa hiyo kazi inabaki kwa majirani, na wakati wake ni Oktoba, kabla mtu yeyote hajakasirika. Mtafute kiongozi wa klabu inayokodi msitu wa karibu. Mpe ramani ya mipaka yako aiingize kwenye kifaa chake, mwambie mifugo iko wapi, chukua namba yake, mkubaliane kwamba mbwa wakivuka atapiga simu kwanza na utampokea getini. Klabu nyingi zitakubali, maana mbwa hawa ni ghali na hakuna anayependa wafie kwa mtu mwenye hasira. Ikikataa, iandikie barua ya rejista yenye ramani ileile, na utunze nakala pamoja na risiti ya posta. Siku kesi ikifika kwa hakimu, swali la kwanza litakuwa kama mwenye mbwa alikuwa anajua.