Kuteua Karata: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Magic: The Gathering, mchezo wa karata aliobuni Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993, una namna moja ya kuucheza inayoibua malalamiko mengi: kuteua. Watu wanane wanakaa mezani, kila mmoja na pakiti tatu. Unafungua ya kwanza, unachukua karata moja, zilizobaki unampa jirani wa kushoto, huku wa kulia akikupa zake, hivyo hivyo hadi pakiti zote ziishe. Mwishoni kila mtu anaunda rundo la karata 40, kisha mapambano yanaanza. Kwa mtu wa mtaa wa Rwambuzi, pale Bunia nchini Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya shule, maandishi si kizuizi, kwani karata hizi zimechapishwa kwa Kifaransa tangu 1994. Wanaoanza wanakwamishwa zaidi na maneno wanayorithi kwa waliotangulia.

"Karata adimu ndiyo yenye nguvu." Si kweli. Uadimu unaonyesha inachapishwa mara chache kiasi gani, basi. Karata ya kawaida inayoua kiumbe cha adui kwa gharama ndogo itakushindia michezo mingi kuliko adimu iliyotengenezwa kwa ajili ya namna nyingine ya kucheza.

"Karata uliyoanza nayo usiiache." Si kweli, na hakuna neno linaloharibu michezo ya watu kama hili. Fanya hesabu. Pakiti za siku hizi zina karata 14, kwa hiyo unateua 42. Rundo lako la 40 litakuwa na ardhi 17 hivi, ambazo ndizo hulipia karata nyingine, na ardhi za kawaida hutolewa bure. Nafasi zinazobaki ni 23. Maana yake karata 19 utaziacha nje hata ukiteua vizuri kabisa! Kwa nini basi ile ya kwanza isiwe mojawapo?

Rangi ni tano: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani, na wengi huishia na mbili. Swali la maana ni rangi zipi jirani wa kulia hazitaki. Ukiona karata nzuri ya kijani bado ipo kwenye uteuzi wa sita au wa saba, jirani huyo anakuambia njia iko wazi. Tena pakiti uliyoifungua mwenyewe inakurudia ikiwa na karata 6; zile 8 zilizotoweka, moja yako na saba za wenzako, zinakueleza meza nzima inataka nini. Kumbuka pia kwamba pakiti ya pili huzunguka upande wa pili. Ukimpitishia jirani wa kushoto nyekundu nzuri katika pakiti ya kwanza, ataishika rangi hiyo na katika ya pili atakubania.

"Mnyime jirani karata kali hata kama huihitaji." Mara chache sana. Huenda hata msikutane. Chukua itakayokufaa.

"Ukishindwa, ni ardhi zimekukataa." Nusu kweli. Kwa ardhi 17 kati ya 40, mkono wa kwanza wa karata 7 huwa na ardhi 2 hadi 5 mara 88 katika kila 100. Mara 12 zilizobaki ni tabu ya kweli, ingawa sheria inakuruhusu kuchanga upya kwa kupoteza karata moja. Anayeshindwa kila mara atazame alichoteua.

"Mchezo mmoja tu si kipimo cha haki." Kweli, na hapa nipo upande wa wanaolalamika. Katika Arena, programu ya kuchezea Magic mtandaoni iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, uteuzi unaoitwa Premier hukutanisha wachezaji kwa mchezo mmoja mmoja, mpaka ushinde mara saba au ushindwe mara tatu. Ni kweli programu hupunguza makali, kwani huchota zaidi ya mkono mmoja na kupendelea ule ambao ardhi zake zinawiana na rundo lako. Lakini haikurudishii zile karata 19. Mkicheza kutafuta ushindi wa michezo miwili kati ya mitatu, baada ya mchezo wa kwanza unaruhusiwa kuziingiza, ukishajua adui ana nini, na karata uliyoidharau inaweza kukuokoa. Katika mchezo mmoja karata hizo hazina kazi.

Kwa hiyo mkiwa wanane mezani, chezeni miwili kati ya mitatu, hata kama usiku utawakuta.